Usiongeze tabaka, zigeuze

Arusha, Julai

Mwenzangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Sisi wazima. Msimu wa watalii umechanganya na mapaa ya faiba tunayotengenezea Land Cruiser za watalii yamejaa mpaka nje ya gereji. Msalimie shemeji na watoto.

Nimesoma habari za mlingoti wako wa tanga uliopasuka, ule wa faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa resini, ile gundi yake. Unasema ukitengeneza mwingine utaongeza tabaka nne. Ngoja kwanza. Umeandika mwenyewe kwamba ufa umekwenda kwa urefu, toka chini mpaka juu, na nyuzi hazijakatika. Basi ulizilaza zote kwa urefu, na kati ya uzi na uzi hakuna kinachoshika isipokuwa resini.

Tabaka la nyuzi za kioo za mwelekeo mmoja, ukilivuta kwa kufuata nyuzi, hustahimili kama megapaskali 1,000 (kipimo cha nguvu kwa eneo). Livute kwa kuzikingama, linaachia kwenye 30 au 40 hivi. Kitambaa kilekile, resini ileile! Wala nguvu haishuki polepole: mvuto ukiachana na nyuzi kwa digrii 10 tu, tabaka lililo peke yake limeshapoteza zaidi ya nusu. Sasa mlingoti ni bomba; ukielemewa na upepo, bomba linataka kubonyea, na mvuto unalizunguka bomba, mahali ambapo hukuweka uzi hata mmoja. Tabaka nne za mwelekeo uleule zitakuongezea uzito kuliko zitakavyozuia ufa.

Sisi wa mapaa tumezoea mati, nyuzi zimekatwakatwa na kumwagwa ovyo, kwa hiyo mwelekeo haumsumbui mtu. Paa linaridhika na hiyo.

Wewe fanya hivi. Tabaka nyingi ziache kwa urefu, maana kazi kubwa ya mlingoti ni kuhimili kupinda. Moja jembamba lizungushe ndani kabisa, jingine nje kabisa, digrii 90. Katikati tia jozi za digrii 45, moja kulia moja kushoto, kwa ajili ya msokoto wa tanga upepo unapogeuka. Jozi zilingane, ukitia za upande mmoja tupu, kitu kikivutwa kinajipinda upande. Wapo waliotumia tabia hiyo kwa makusudi: ndege ya majaribio ya Marekani, X-29, iliyoruka mwaka 1984 ikiwa na mabawa yaliyoelekea mbele, tabaka zake zilipangwa ili bawa likiinuka lisijisokote likang'oka. Mimi nisingepanda.

Kile kifuniko bapa ulichotaja nacho kina mashariti yake: tabaka la juu kabisa na la chini kabisa zielekee upande mmoja, hivyo hivyo mpaka katikati. Resini hunywea ikikauka na uzi haunywei, kwa hiyo tabaka hujivuta zaidi kwa mapana ya nyuzi. Kijana mmoja hapa alilaza za urefu juu na za mapana chini. Kilitoka kimejikunja kama kigae. Plaiwudi nayo huwa na tabaka witri kwa sababu hiyohiyo.

Usiutupe ule uliopasuka. Kata kipande cha ukubwa wa kiganja pale ufa ulipoanzia, ukichome nje, mbali na watoto kwa sababu moshi wake ni mbaya. Resini itaungua, nyuzi zitabaki, utaona zilivyolala kweli. Nitumie picha kabla hujanunua kitambaa.

Wako wa siku zote