Kifuniko cha Dawa Kikikushinda, Tuambie

Bibi mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, alikuja kuchukua dawa zake za presha akatuonyesha zilizobaki. Zilikuwa ndani ya kopo la majani ya chai. Kichupa tulichompa alishakitupa. Vidole vyake vina baridi yabisi, na kile kifuniko cha kukandamiza huku unazungusha, kilichotengenezwa ili watoto wasikifungue, kilikuwa kikimtesa kila asubuhi: kinalia tu ka-ka-ka, hakifunguki. Na nyumbani ana wajukuu wawili wadogo.

Lile kopo lilitutia hofu kuliko kifuniko chochote chepesi. Halina jina la dawa wala kipimo, na mtoto analijua kuwa ni la jikoni.

Hapa Marekani sheria ya vifungashio hivi ni ya mwaka 1970. Ilianza na aspirini mwaka 1972, na tangu 1974 karibu kila dawa ya kumeza inayoandikwa na daktari hutoka kwa mfamasia na kifuniko kigumu. Lakini sheria hiyohiyo inakuruhusu kukikataa. Omba cha kawaida, tutakupa, na huna haja ya kujieleza. Daktari wako pia anaweza kukuombea. Nitrogliserini ya kuweka chini ya ulimi haimo kabisa katika sharti hilo, maana mtu aliyebanwa na moyo hana muda wa kushindana na kichupa.

Bibi yetu aliona haya, akidhani ni udhaifu wake. Sivyo. Vifuniko hivi hupimwa kwa watu wazima wa miaka 50 hadi 70, naye ameshavuka huko.

Watoto nao hupimwa, wa miezi 42 hadi 51, kwa dakika 10. Kifungashio hufaulu hata kama watoto 20 kati ya 100 wamekifungua. Kwa hiyo kiwe kigumu au chepesi, dawa ikae juu, kabatini, kwa ufunguo. Na kichupa cha plastiki cha mwezi uliopita usikitumie tena, kwa kuwa meno ya kifuniko huchakaa.

Mtoto akimeza dawa, usingoje dalili wala usimtapishe. Piga 1-800-222-1222, namba ya kituo cha msaada wa sumu, usiku au mchana, ni bure. Sema "Swahili" utafutiwe mkalimani. Akizimia, akipata degedege au akishindwa kupumua, piga 911.