Kilomita 3 za Gombe si kilomita 3 za Ujiji

Wateja wengi wanaofika ofisini kwetu Kigoma hutuonyesha simu na kuuliza: "Kutoka ziwani hadi mgongoni mwa milima ya Hifadhi ya Gombe ni kama kilomita 3 tu. Mbona mmetupangia nusu siku?" Swali la haki kabisa. Hapo tunakunjua mezani ramani ya topografia, yaani inayoonyesha miinuko, tunawaomba waache umbali kwanza, wahesabu kontua.

Kontua ni mstari unaounganisha sehemu zenye mwinuko sawa. Sisi wa Kigoma tuna bahati, kwa sababu kontua ya kwanza tunaiona kwa macho: ni ufuko wa ziwa, mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Sasa fikiria maji yamepanda mita 20. Yangeingia kila bonde, yazunguke kila mgongo wa kilima, na ukingo wake mpya ndio kontua inayofuata. Mtu akishaliona hilo kichwani, ramani imemfungukia. Mistari ikibanana, mlima umesimama. Ikiachana, ni tambarare. Ikichongoka kuelekea juu mlimani ni korongo, ikichongoka kuelekea chini ni mgongo. Hayo mawili wanafunzi wa somo letu la ramani huyageuza sana, kwa hiyo hatuna haraka nayo.

Kwenye ramani ya 1:50,000, kilomita 3 ni sentimita 6. Kontua zikiwa za mita 20, ndani ya sentimita hizo utavuka takriban 35, yaani kupanda mita 700. Naismith, mpanda milima Mskoti, aliweka kanuni ya kukadiria muda wa kutembea milimani mwaka 1892: kwa vipimo vya leo ni saa 1 kwa kila kilomita 5, na saa 1 zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 3 tambarare za barabara ya Ujiji utazimaliza kwa dakika 36. Gombe ni dakika 106, bila kupumzika wala kusimama kutazama sokwe, na bado hujashuka.

Tahadhari moja tuliyoilipia kwa jasho: ramani zetu za zamani zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, simu hutumia WGS84, na mifumo hiyo miwili huipa sehemu ileile namba tofauti za mahali. Tuliwahi kuhamisha namba za mahali kutoka kwenye simu moja kwa moja hadi kwenye karatasi, tukakosea karibu mita 300 na kushukia bonde lisilo letu. Pia Kigoma mjini iko kanda ya 35 ya gridi (miraba ya kusomea namba za mahali), Kasulu iko ya 36, kwa hiyo usichanganye namba za kanda hizo mbili.

Somo letu ni la siku moja: asubuhi mezani, mchana kilimani na dira. Njoo na penseli, rula na uzi. Uzi ndio utakaopima njia yenye kona.