Mjomba, usigawe redio zako

Shikamoo mjomba,

Nakuandikia hadharani kwa sababu najua ukoo mzima utasoma, na nataka wote wasikie. Naambiwa wanakushauri ule mkusanyo wako wa redio za zamani uugawe, kila mtu achukue moja, zitakazobaki ziuzwe. Kabla hujakubali, nikusimulie nyumba niliyoitembelea London.

Ni nyumba ya Sir John Soane, msanifu majengo, mtoto wa mwashi aliyepanda mpaka akakabidhiwa majengo ya Benki Kuu ya Uingereza. Alifariki mwaka 1837. Kuingia ni bure, ila wanaingiza watu wachache wachache, maana ndani hakuna pa kugeukia. Sanamu, vipande vya nguzo na vyungu vya kale vimejaa ukutani toka chini hadi juu. Mwanga unashukia vioo vya rangi ya manjano, hivyo hata mawingu yakitanda utadhani ni jua la alasiri.

Kilichoniteka ni chumba cha picha. Ni kidogo, lakini kina picha zaidi ya 100. Mhudumu alivuta ukuta, ukafunguka kama mlango wa kabati, na nyuma yake kuna picha nyingine! Humo mna picha nane za mchoraji Mwingereza William Hogarth, kisa cha kijana aliyerithi mali ya baba yake, akaitapanya, akaishia hospitali ya wendawazimu. Aliyezinunua mnadani, mwaka 1802, ni Eliza, mkewe Soane.

Chini kabisa limelala jeneza la Farao Seti wa Kwanza, alabasta tupu, yaani jiwe jeupe, limechorwa maandishi ya Kimisri ndani na nje. Mwitaliano Belzoni, mtafutaji wa vitu vya kale, alilikuta kaburini mwaka 1817. Makumbusho ya Uingereza yalikataa kutoa pauni 2,000, Soane akazitoa mwaka 1824, na mwaka uliofuata akafanya karamu usiku tatu kulionyesha kwa mwanga wa taa. Mimi lilinitia uchungu, maana mwenyewe yuko Misri na jeneza lake liko ugenini. Hilo tutaliongea tukikutana.

Sasa sikia linalokuhusu. Mwana mkubwa wa Soane alifariki mwaka 1823. Mdogo, George, walikuwa wameshakosana: mwaka 1815 aliandika gazetini bila kutaja jina, akizikashifu kazi za baba yake. Mama yake akafariki mwaka huohuo, na Soane aliamini hadi mwisho kwamba makala yale ndiyo yaliyomuua. Mzee hakusubiri ugomvi wa mirathi. Mwaka 1833 Bunge lilimpitishia sheria kwamba akifa, nyumba na vilivyomo vitunzwe kama atakavyoviacha. George alipinga, akashindwa. Ndiyo sababu mpaka leo karibu kila kitu kipo mahali alipokiweka.

Wewe huna George, wala huhitaji Bunge. Daftari linatosha kuanzia. Andika kila redio uliipata kwa nani, mwaka gani, ilikuwa na hitilafu gani na uliitengenezaje, kwa sababu hayo hayajui mtu mwingine. Kisha mwite mwanasheria, wosia umtaje mtu mmoja atakayeutunza mkusanyo wote. Mimi nitakuja na kamera, nipige kila rafu kabla mtu hajagusa kitu. Niambie tu siku utakayokuwepo nyumbani, na shangazi umwambie asimruhusu mtu kuingia mle chumbani.