Kabla hujatia sahihi

Section 58,
Nakuru

Dada mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi ni wazima. Mama bado anasumbuliwa na goti lakini jumuiya hakosi. Msalimie shemeji, umwambie ile mbegu ya mahindi aliyonitumia imeota vizuri.

Sasa nije kwa lile uliloniuliza. Unasema chama cha wakazi hapo Mamboleo, Kisumu, kinakusanya sahihi ili nyumba ya watu waliotoka kwenye matibabu ya ulevi na dawa za kulevya isifunguliwe mtaani kwenu, na kwa kuwa wewe ndiwe katibu, karatasi iko mezani pako. Wanaopinga wanasema nyumba za namna hiyo hazina sheria ya kuzisimamia, kwa hiyo zisiwepo mpaka sheria iwepo. Umetaka nikwambie kweli. Usitie sahihi, dada. Wala usiwaambie majirani kwamba wanaogopa bure, kwa sababu hawaogopi bure. Nyumba hizi zinahitaji kusimamiwa, tena sana. Ila wao wanataka sheria ya kufunga lango, na inayotakiwa ni sheria ya kumpa mtu ruhusa aingie ndani aulize maswali.

Kitinda mimba wetu unamjua, na pombe ilivyomchukua uliona kwa macho yako. Mahali pa kwanza alipopelekwa palikuwa na kibao kizuri barabarani na maua langoni. Wazee walichanga, ng'ombe akauzwa, miezi mitatu ikalipwa yote kwa mara moja, na risiti hatujapewa mpaka leo. Nilipokwenda kumwona nilisimama kwenye korido nikaangalia kufuli za vyumba. Zote zilikuwa upande wa nje. Hebu fikiria moto ukitokea usiku. Ndani magodoro yamegusana ukuta hadi ukuta, dirisha lina vyuma, na kijana aliyegawa vidonge alikuwa akivimimina kwenye kiganja bila kuandika popote nani amepewa nini. Nilipouliza ni vidonge gani nikaambiwa daktari huja siku nyingine. Simu za wagonjwa zilikuwa zimefungiwa ofisini. Hata wangetaka kulalamika, wangemlalamikia nani?

Alitoka amekonda, akarudi Kaptembwo, chumba kilekile, ploti ileile ambayo mama muuza chang'aa yuko mlango wa tatu. Haikuchukua muda. Watu wakasema hana shukrani. Mimi nasema mtu aliyekaa siku tisini ndani ya kufuli hajafundishwa kuishi nje ya kufuli. Pengo hilo, kati ya kitanda cha matibabu na ile ploti, ndilo nyumba kama hiyo ya kwenu inataka kuliziba.

Nyumba aliyoipata baadaye iko huku kwetu, si mbali na ninapokaa. Ni nyumba ya kupanga kama nyingine yoyote, wanaume wanane ndani yake. Haina daktari, haina askari, haina kibao. Kila mmoja ana ufunguo wake wa lango. Juu ya friji kuna daftari kubwa la kaunta lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi: mbele ni kodi, stima, maji na gesi, nani ametoa ngapi, kila mstari na sahihi yake, nyuma ni zamu za kupika na kufagia. Siku niliyolifungua nilikuta jina la ndugu yangu. Kodi amemaliza. Jumatano amepika githeri, ameosha sufuria, na mwenzake ameandika pembeni kwa wino mwekundu: "chumvi kidogo." Nililia pale jikoni. Kwa miaka mingi jina lake lilikuwa likiandikwa kwenye madaftari ya madeni tu, na hapa limeandikwa kwamba amelipa.

Wanaendesha mambo yao kwa kura. Mweka hazina hubadilishwa, mikutano ya Alkoholiki Anonimasi, ya walevi wanaosaidiana kuacha pombe, kila mtu ahudhurie, na pombe haivuki lango. Mtindo huu una historia yake. Mwaka 1975, huko Silver Spring katika jimbo la Maryland, Marekani, serikali ya mtaa iliamua kufunga nyumba moja ya walevi waliokuwa wakipata nafuu, ili kubana matumizi. Wakazi wakaikodi wenyewe. Mmoja wao alikuwa Paul Molloy. Wakagawana kodi, wakachagua viongozi, wakaiita Oxford House, na leo nyumba za jina hilo ni maelfu. Profesa Leonard Jason na wenzake wa Chuo Kikuu cha DePaul, Chicago, waliwafuatilia watu 150 waliotoka kwenye matibabu, nusu wakiishi katika nyumba hizo na nusu wakiendelea na huduma za kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006: baada ya miaka 2, waliokuwa wanatumia tena katika kundi la nyumba walikuwa asilimia 31, na katika lile kundi jingine karibu asilimia 65. Wasomee majirani takwimu hizo.

Kisha wasomee na upande wa pili, maana ni nchi hiyohiyo. Kule Florida, pwani ya Palm Beach, wenye nyumba walikuwa wakilipwa na vituo vya matibabu kwa kila kichwa walichopeleka, na bima zikitozwa vipimo vya mkojo visivyo na mwisho. Mpangaji aliyerudia dawa alikuwa na faida kuliko aliyepona, kwa sababu bima ilianza upya. Kufikia mwaka 2016 mwendesha mashtaka wa huko alikuwa ameunda kikosi maalum cha kushughulikia nyumba hizo. Arizona ilikuwa mbaya zaidi. Watu wa makabila asilia, Wanavajo na wengine, waliokotwa mbali na kwao kwa ahadi ya matibabu, wakajazwa kwenye nyumba za Phoenix, wengine hata pombe wakapewa humo ndani, huku mfuko wa afya wa jimbo ukidaiwa pesa za huduma ambazo hazikutolewa. Jimbo lilikadiria hasara ya zaidi ya dola bilioni 2. Serikali ilipozinduka mwaka 2023 na kusimamisha malipo kwa ghafla, nyumba zikafungwa na waliokuwa ndani wakajikuta barabarani, mbali na nyumbani, bila nauli.

Mimi hapo nimejifunza mambo mawili ambayo sitaki kaunti zetu zijifunze kwa machozi. Pesa ikifuata kichwa, kichwa kitatafutwa hata kwa hila. Sisi nasi SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma, ilishika nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na siku pesa za umma zitakapoanza kuingia kwenye nyumba hizi, madalali watafika kabla ya wakaguzi. Na la pili, mkaguzi anayefunga nyumba bila kuuliza waliomo watalala wapi naye amewadhuru.

Haja iko, hata mtaa ukikataa kuiona. Utafiti wa NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wa mwaka 2022 ulikuta Mkenya mmoja kati ya kila sita wenye umri wa miaka 15 hadi 65 anatumia angalau aina moja ya kileo au dawa. Eneo la Magharibi, majirani zenu wa Kakamega, Vihiga, Bungoma na Busia, ndilo lililoongoza nchi nzima kwa pombe, asilimia 23.8. Baa tunajua zifunguliwe saa ngapi, maana sheria ya mwaka 2010, ile ya mbunge Mututho, ilisema saa kumi na moja jioni siku za kazi. Chang'aa nayo ilihalalishwa na sheria hiyohiyo, ikawekewa masharti ya chupa na lebo. Kuhusu nyumba ya mtu anayeikimbia baa, mtaa wenu ndiyo kwanza unaanza kuuliza.

Kwa hiyo sheria iseme nini? Kwanza itenganishe. Anayetoa dawa, anayefunga milango au anayelipisha matibabu, huyo ana kituo cha matibabu, na NACADA ndiyo inayoidhinisha vituo. Asijifiche nyuma ya neno nyumba. Lakini wanaume wanane wanaogawana kodi wasidaiwe muuguzi wa usiku na ambulensi. Ukiwawekea masharti ya hospitali watavunja kambi wiki ijayo, na atakayebaki ni yule mwenye kibao na maua, kwa sababu yeye anazo za kulipia leseni na za kumlainisha mkaguzi. Wao waulizwe yanayowahusu: mmejisajili? Mko wangapi kwa chumba? Moto ukiwaka mnatokea wapi? Mpangaji ana mkataba na risiti? Kitambulisho chake, simu na kadi ya benki anavishika mwenyewe? Kuna namba ya kulalamika ambayo haipokelewi na meneja wa nyumba? Na asikataliwe mtu kwa sababu tu anakunywa methadoni, tiba ya walioacha heroini. Dawa hiyo inatolewa kihalali nchini tangu mwisho wa 2014, na kumwambia mtu achague kati ya tiba yake na kitanda ni ukatili.

Sasa lile ninalotaka ulibebe kikaoni hata ukisahau mengine yote. Ni usiku ambao mtu anarudia.

Kanuni ya kwamba anayerudia anaondoka mimi naiunga mkono, kwa sababu wale saba waliobaki nao wana maisha. Lakini anaondoka kwenda wapi, saa tano za usiku? Mlevi wa muda mrefu akikatishwa pombe ghafla anaweza kutetemeka, akachanganyikiwa, akashikwa na degedege, na wako wanaokufa. Aliyekuwa kwenye heroini, mwili wake umeshasahau kipimo cha zamani; akichukua kile alichozoea, kinaweza kumuua usiku huohuo. Kumtupia mtu kama huyo begi lake nje ya lango na kufunga ni kumpeleka kaburini, na ziko nyumba zinazofanya hivyo kisha zinajisifu kwa msimamo mkali.

Kwa akina ndugu yangu ilitokea. Mwenzao mmoja alirudi amelewa chakari, akakaa kwenye ngazi, viatu mkononi. Hawakumpigia kelele. Kwenye ukurasa wake wa daftari, siku alipoingia, alikuwa ameandika mwenyewe mambo yakiharibika apigiwe nani na apelekwe wapi. Wawili wakampeleka kwa teksi hadi hospitali ya rufaa, wakakaa naye kwenye benchi mpaka alipoonwa. Asubuhi dada yake alipigiwa, akaja. Sehemu ya kodi ambayo hakuikalia ilihesabiwa mbele ya huyo dada, akatia sahihi, na begi lake likakabidhiwa likiwa limekunjwa vizuri. Baadaye aliomba kurudi, wakapiga kura, akarudi. Yote hayo hayakugharimu kaunti hata senti. Sheria ikiweza kufanya jambo moja tu, basi idai ukurasa huo kwa kila mpangaji wa kila nyumba, na idai pesa iliyobaki irudishwe.

Majirani wako watasema wizi, watasema watoto, watasema bei ya ploti itashuka. Wasikilize. Wana haki ya kujua idadi ya wakazi, na kuwa na namba ya mtu atakayepokea simu usiku kukiwa na kelele. Orodha ya majina kwa nyumba kumi hawana haki nayo, maana ugonjwa wa mtu ni siri yake na Katiba inalinda faragha. Mji wa Edmonds, jimbo la Washington, ulijaribu kuiondoa nyumba ya namna hii kwa kanuni ya idadi ya watu wasio wa ukoo mmoja, na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1995 ilikataa kuipa kanuni hiyo kinga dhidi ya sheria inayokataza ubaguzi katika makazi. Nawe waulize kwa upole: kijana aliyetoka kwenye matibabu sasa hivi yuko wapi? Yuko hapohapo Mamboleo, kwenye chumba cha nyuma cha mama yake, peke yake, bila daftari na bila wenzake wa kumuuliza mbona jana hukulala.

Mwakilishi wenu wa wadi akikuambia hilo ni jambo la Nairobi, mkumbushe Jedwali la Nne la Katiba: udhibiti wa dawa za kulevya umo kwenye kazi za kaunti, na mipango ya makazi pia. Badala ya ile karatasi ya kupinga, andikeni ombi kwa bunge la kaunti mkitaka kanuni za nyumba hizi. Mengi niliyoyataja hapa unaweza kuyaingiza kama yalivyo. Lugha ya kamati unaijua kuliko mimi.

Ndugu yangu amesoma barua hii kabla sijaifunga, na amekubali niandike yanayomhusu. Anasema wakazi wakitaka kumwona mtu anayeishi kwenye nyumba kama hiyo atakuja yeye na mweka hazina wao, na daftari watalibeba. Ruhusa kazini lazima aiombe mapema, kwa hiyo nitumie tarehe ya kikao na mahali mara utakapojua. Tutalala kwako kama nafasi ipo.

Ni mimi rafiki yako,
Dada wa Nakuru