Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Kambi ya Mchana ya Watoto

Ndugu wanachama, wazazi na walezi,

Mambo ya fedha mmeshayasikia kwa mhazini, kwa hiyo sitayarudia. Taarifa yangu ni juu ya kambi yenyewe, yaani zile wiki za kiangazi ambazo watoto wetu wa miaka 6 hadi 14 walishinda katika bustani ya Theodore Wirth hapa Minneapolis, Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri.

Lengo halijabadilika: mtoto ashinde nje, acheze mpaka achoke, na asikie Kiswahili kutwa nzima. Michezo ni ile tuliyokua nayo wenyewe, yaani kombolela, rede, kuruka kamba na kuvuta kamba, pamoja na bao na mdako jua likiwa kali. Michezo tumekuja nayo, ardhi tumeikuta. Mzazi aliyekulia Tanga au Kisumu anaijua miiba, anawajua siafu, na upupu anautambua kwa mbali. Ujuzi huo hautoshi katika misitu ya Minnesota, na sehemu kubwa ya taarifa hii inahusu marekebisho tuliyoyafanya kwa sababu hiyo.

Nianze na kombolela, maana ndio mchezo unaopendwa kuliko yote na ndio uliotupa kazi kubwa. Ni mchezo wa kujificha, na mtoto anayetaka kujificha vizuri huingia vichakani. Pembezoni mwa misitu hii huota mmea uitwao kwa Kiingereza poison ivy, wenye majani matatu matatu kwenye kikonyo kimoja, jani la kati likiwa na kijiti kirefu kuliko yale ya pembeni. Upupu huwasha papo hapo, kwa hiyo mtoto hukimbia na kulia. Mmea huu hauumi wala hauwashi ukiugusa. Mafuta yake, yaitwayo urushioli, hupenya ngozini kimyakimya, na vipele hutokea baada ya nusu siku hadi siku mbili, wakati mtoto yuko nyumbani na hakuna anayekumbuka alipita wapi. Mafuta hayo hubaki pia kwenye viatu, mipira na kamba, na yanaweza kumwambukiza mtu ambaye hajakanyaga msitu. Maji yanayotoka kwenye malengelenge hayaambukizi, kwa hiyo mtoto mwenye vipele hana sababu ya kutengwa na wenzake.

Sasa kombolela inachezwa kwenye nyasi zilizofyekwa tu. Mipaka inawekwa kwa koni za rangi ya chungwa, na maficho ni meza, mapipa na maturubai tuliyoyaning'iniza kwenye kamba. Kopo la kukombolea linakaa katikati, mahali ambapo mwangalizi anaiona mipaka yote minne. Mtoto akivuka koni, anaoshwa kwa sabuni na maji mengi ya baridi bila kusubiri mchezo uishe. Dakika kumi za kwanza ndizo zenye faida kubwa. Mpira uliotumbukia kichakani unaokotwa na mtu mzima aliyevaa glavu, nao unaoshwa.

Jambo la pili ni kupe. Wazazi wengi tunamjua kupe wa ng'ombe, mkubwa na mnene, anayeonekana bila shida. Kupe wa miguu myeusi anayeeneza ugonjwa wa Lyme anapokuwa mchanga hazidi punje ya mbegu ya mpopi, na huo uchanga wake huangukia Mei hadi Julai, miezi ile ile ya kambi. Kwa kawaida inampasa ang'ang'anie mwilini zaidi ya siku nzima kabla ya kuambukiza, na ndiyo maana ukaguzi wa kila jioni unaokoa. Waangalizi wetu hutazama sehemu zilizo wazi tu: shingo, nyuma ya masikio, mikono, miguu na nyuma ya magoti. Kwapa, kitovu, kiuno, kinena na ndani ya nywele ni kazi ya mzazi nyumbani, wakati wa kuoga, na mtoto aoge ndani ya saa mbili baada ya kurudi. Nguo zake zitie kwenye mashine ya kukaushia kwa joto kali dakika kumi kabla ya kuzifua, kwa kuwa kupe huweza kuvumilia maji ya kufulia.

Ukimkuta, mshike kwa kibano chenye ncha nyembamba, karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja bila kumzungusha. Msimpake mafuta ya taa wala vaselini, wala msimchome kwa kiberiti. Zile ni mbinu za kupoteza muda wakati kupe bado ameuma. Andika tarehe. Likitokea doa jekundu linalotanuka kati ya siku ya 3 na ya 30, au homa isiyoeleweka, mpeleke mtoto kwa daktari ukiwa na tarehe hiyo mkononi. Kuhusu dawa za kupaka, mafuta ya kukinga jua hutangulia, dawa ya kufukuza wadudu hufuata. Baadhi ya watoto walikuja wamepakwa kinyume.

Kuhusu joto, niseme wazi kwamba nyuzi 32 za Minneapolis si nyuzi 32 za Dodoma. Hapa hewa hujaa unyevu mwezi Julai, jasho halikauki, na mwili haupoi. Tumehamishia michezo yote ya kukimbia kabla ya saa tano asubuhi. Kipimo cha joto pamoja na unyevu kikifika nyuzi 38, hakuna kukimbia. Ni bao, mdako na hadithi kivulini. Maji hunywewa kila baada ya dakika 20 kwa firimbi, mwenye kiu na asiye na kiu. Kwa mtoto wa miaka 9 hadi 12 kiasi ni mililita 100 hadi 240 kila mara. Kosa letu la mwanzo lilikuwa bomba moja kwa makundi yote: foleni ilikuwa ndefu, mtoto akachungulia, akaondoka bila kunywa. Sasa kila kundi lina jagi lake lenye bomba na kila mtoto chupa ya lita moja yenye jina lake. Mtoto mwenye kizunguzungu au kichefuchefu hupelekwa kivulini, hupewa maji na kupozwa. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka, ni kupiga 911, namba ya dharura, papo hapo, huku akimwagiwa maji.

Radi ikisikika, tunaingia ndani ya jengo au ndani ya basi lililofungwa madirisha, na dakika 30 huhesabiwa upya kila inaponguruma. Hema na turubai si kinga, wala chini ya mti. Nawaomba wazazi wanaofika kuchukua watoto katika hali hiyo wasiwatoe hadi dakika hizo ziishe. Moshi wa mioto ya misitu ya Kanada, tulioufahamu vizuri kiangazi cha 2023, nao una utaratibu wake: kipimo cha ubora wa hewa (AQI), ambacho hupanda hewa ikichafuka, kikipita 100, watoto wenye pumu hupunguziwa mbio, kikipita 150, wote huingia ndani. Inhela hukaa kwenye mkoba wa kiongozi wa kundi. Kuiacha ofisini ni sawa na kutokuwa nayo.

Ziwani tumekuwa wakali, na tutaendelea hivyo. Kabla ya kuogelea, kila mtoto hupimwa: aelee chali, ajishikilie majini dakika moja bila kugusa chini, kisha aogelee mita 25. Asiyeweza hukaa mahali ambapo maji hayazidi kitovu chake. Mtoto anayezama hapigi kelele wala hapungi mkono, maana kinywa kiko majini na mikono inasukuma maji. Kwa sababu hiyo mwangalizi wa maji hana simu, hapigi soga, na hupokewa kila nusu saa kabla macho hayajachoka. Mvua kubwa ikinyesha, hatuogelei kwa saa 24. Maji yakiwa na utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, hakuna anayeingia, hata mguu.

Idadi ya waangalizi inafuata mwongozo wa American Camp Association kwa kambi za mchana: mtu mzima 1 kwa watoto 8 wa miaka 6 hadi 8, na 1 kwa 10 wa miaka 9 hadi 14. Mpishi na dereva hawahesabiwi humo. Watoto huitwa kwa majina tunaposhuka basini, kabla na baada ya kila mchezo, kwenye maji na tunapoondoka. Kuhesabu vichwa peke yake kunadanganya: makundi mawili yakichanganyika, jumla hutimia ilhali mtoto mmoja hayupo na mwingine amehesabiwa mara mbili.

Nina ombi zito juu ya kuwachukua watoto. Kwetu kila rafiki wa baba ni mjomba na kila jirani ni shangazi, na mtoto akisema "huyu ni mjomba wangu" anasema kweli kwa lugha yetu. Hilo halitutoshi. Anayemchukua mtoto lazima jina lake liwe kwenye fomu na aonyeshe kitambulisho, hata kama tunamfahamu na tulikula naye Idi. Kuna waliokasirika. Nawaelewa, na sheria inabaki.

Chakula cha mchana kinatoka kwenye mpango wa serikali wa milo ya kiangazi kwa watoto wa hadi miaka 18, nacho huliwa pale pale. Msilete chapati wala kashata za kugawa, kwani karanga kidogo tu zinaweza kufunga koo la mtoto mwenye mzio.

Kiswahili kimekwenda vizuri zaidi pale kilipofungamana na kazi. Watoto hujibu kwa Kiingereza wakiulizwa habari, lakini "simama", "rudi", "maji", "kaeni" na "majina" wanayatii bila kufikiri, kwa sababu yanafundishwa asubuhi ya kwanza pamoja na firimbi.

Naomba mkutano upitishe mambo mawili leo: ununuzi wa koni, glavu na majagi kabla ya mwisho wa Aprili, na fomu za afya zirudishwe ifikapo 15 Mei, zikitaja pumu, mzio na dawa za mtoto. Fomu ikikosekana, mtoto hataanza siku ya kwanza.