Kompyuta inakataa kuwaka asubuhi lakini mchana inawaka vizuri, ni pawa saplai ama ni madabodi?

Habari fundi, habari wasomaji wenzangu. Niko na saiba ndogo hapa Kayole, kompyuta tatu na printa moja, na hii inayonisumbua ndio ile kubwa ya kusimama, ndio imeshikana na printa na skana na ndio iko na makaratasi ya wateja, kwa hivyo ikilala hata biashara imelala. Sijui ni pawa saplai, kile kisanduku cha kuipa mashine stima, ama ni madabodi, ile bodi kubwa ya ndani inayobeba prosesa.

Shida iko hivi. Asubuhi nikifungua saa moja nabonyeza swichi, taa ya mbele inawaka, feni inazunguka kama sekunde mbili, alafu inazima tu. Skrini nyeusi, hata ule mlio wa pii hautoki. Nikibonyeza tena ni vile vile, na kuna siku inajiwasha na kujizima yenyewe mara tatu nne na sijaigusa. Sasa nikiiacha kwa soketi nikiendelea kujaribu, baada ya kama nusu saa inashika, na ikishashika haina neno kabisa, inapiga kazi mpaka saa tatu usiku, hata nikiizima saa nane mchana na kuiwasha hapo hapo inawaka mara ya kwanza. Ilianza Mei polepole, siku moja kwa wiki, lakini venye baridi ya Julai imeingia sasa ni kila siku.

Tarehe 30 Juni ndio niliumia sana. Si mnajua hiyo ndio siku ya mwisho ya ritani za kodi za KRA na watu wengi wanangoja mpaka hapo. Kuna askari wa usiku alikuja moja kwa moja kutoka shifti, koti bado amevaa, kitambulisho mkononi, anataka tu kujaziwa ritani na apewe karatasi yake aende akalale. Zile mashine zingine mbili zilikuwa na watu, na hii ndio hiyo inazungusha feni na kuzima, inazungusha na kuzima. Hakulalamika hata kidogo, aliketi kwa benchi akapitiwa na usingizi, ikanibidi nimwamshe iliposhika, dakika arobaini baadaye. Faini ya kuchelewa ni shilingi 2,000, kwa huyo mzee hiyo ni pesa ya chakula, na ningeshinda vipi na hiyo roho kama ingekataa mpaka jioni?

Mafundi watatu wameshaiona. Wa kwanza alitoa RAM, zile kadi za memori, akazisugua na raba, akajaribu moja moja, akabadilisha mashimo, ikawaka, akachukua 500. Wa pili aliniwekea Windows upya, 1,000, na mpaka leo sielewi Windows inaingilia wapi kwa mashine ambayo haifiki hata ile skrini ya kwanza kabisa. Mimi nimekuja kuelewa kitu kimoja baadaye, wote wanakuja mchana! Wanaipata imeshapata joto, wanabonyeza, inawaka, wanasema iko sawa, na kesho yake asubuhi niko palepale.

Wa tatu ndio alijaribu kupima. Alichomoa ule mdomo mkubwa wa pini 24, akaunganisha waya ya kijani na nyeusi kwa kipande cha waya, feni ya pawa saplai ikazunguka, akaniambia pawa saplai ni nzima, madabodi ndio imekufa, tafuta mashine nyingine, anayo ya 14,000. Lakini hiyo pia ilikuwa saa saba mchana, na tena si feni inaweza kuzunguka vizuri ikiwa haijabebeshwa mzigo, alafu ikipewa prosesa na diski ndio ishindwe? Hapo ndio sijaridhika.

Nisisahau, betri ndogo ya madabodi, ile ya CR2032, nilibadilisha mwenyewe Mei kwa bob mia, juu saa ilikuwa inarudi 2014 na eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, ikawa inakataa kufunguka, inasema si salama. Hiyo ilipona, kuwaka ndio hapana.

Stima pia nimeifikiria. Jirani yangu anachomelea mageti na akianza taa zangu zinafifia, lakini yeye anafungua saa tatu na mashine inakataa saa moja, kwa hivyo siwezi kumwekelea. Nimeitoa kwa ekstensheni nikachomeka kwa ukuta moja kwa moja, ni vile vile.

Sasa skizeni hii. Wiki jana asubuhi nilikuwa nimechoka, nikafungua ubavu wa mashine, nikaomba dada wa saluni draya ya nywele, nikapuliza joto kidogo ndani kama dakika tatu, si karibu sana. Nikabonyeza mara moja, ikawaka! Nikarudia kesho yake, ikawaka tena. Lakini nilipuliza kote, pawa saplai na madabodi pamoja, kwa hivyo bado sijui ni nani kati yao anaogopa baridi. Nikiangalia na tochi, kando ya prosesa kuna kapasita tano, vile vitu vya kushika chaji ya stima, zimesimama kama vikopo, nne juu ni bapa na moja imevimba kidogo katikati, kama pakiti ya maziwa iliyoanza kuharibika. Za ndani ya pawa saplai sijaziona na sifungui, nimeambiwa hiyo kitu inaweza kukupiga hata ikiwa imechomolewa.

Kwa sasa naiacha ikiwaka usiku kucha ndio asubuhi nisihangaike, lakini kibanda ni cha mabati, mbao ndani, na silali vizuri nikifikiria moto.

Niko na 3,000 ya kutumia, si 14,000. Pawa saplai ya mtumba naweza pata kwa 1,200 pale mjini. Je, ninunue hiyo kwanza nijaribu, ama hiyo kapasita moja iliyovimba inatosha kusema ni madabodi, na fundi wa kuchomea risasi anaweza kuibadilisha tu hiyo? Na ile draya, nikipuliza upande mmoja peke yake, jibu nitakalopata ni la kuaminika?

Mpwa wangu anasomea umeme, ako na mita. Tulipima siku moja jioni mashine ikiwa imewaka, waya ya manjano ilikuwa 12.1, nyekundu 5.0, zote sawa, lakini tena ilikuwa na joto. Jumamosi hii nimemwomba alale kwetu ndio tufike kibandani saa kumi na mbili asubuhi kabla haijaguswa, na usiku huo nitaizima. Niambie tu aanze na waya gani, ile ya zambarau kabla hatujabonyeza, ama ya manjano wakati feni inazunguka zile sekunde mbili, na namba ikishuka mpaka ngapi ndio tujue ni pawa saplai.

Mwenye saiba, Kayole