Barua kwa Nahodha: barafu ndiyo mwiko wa kukorogea

Ilulissat, Greenland
Agosti

Nahodha, salaam aleikum.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya tatu nikimenya viazi. Mengi nimeyapata: mashine imetengemaa, nyavu bado, mama mzima, alhamdulillahi. Ila lile neno lako la mwisho, ulilolisema huku unacheka, ndilo lililonikaa: "Si nasikia barafu ya huko inayeyuka na samaki wanazidi? Basi iyeyuke yote, watu wale!" Nilitaka kukujibu palepale, lakini intaneti ya huku ni ya kuombea dua. Leo meli yetu ya watalii imetia nanga, abiria wameshuka mjini, nami zamu yangu ya jikoni imekwisha. Kaa kitako.

Kwanza, nusu umepatia. Samaki wapo. Wenyeji wa hapa wanavua gayogayo mmoja mkubwa, mweusi, mwenye mafuta, kwa dhulumati, zile kamba ndefu za ndoana nyingi, wanazozishusha mamia ya mita. Jikoni kwetu wanaletwa wabichi, na ukikata mnofu kisu kinateleza kwa mafuta. Nyangumi nao wanapita mbele ya mji mchana kweupe, watu wanaendelea kuanika nguo zao.

Na barafu yenyewe usiifikirie kama ya kwenye friji. Ni mto, bwana, mto mgumu unaotoka bara na kushuka baharini kwa uzito wake. Huu wa hapa unaitwa Sermeq Kujalleq, maana yake barafu ya kusini, na unatembea makumi ya mita kwa siku. Ukifika baharini unakatika vipande kama majumba ya ghorofa, vinaelea mpaka mlangoni mwa ghuba, vile vikubwa vinapanda fungu na kukwama. UNESCO waliiingiza ghuba hii katika Urithi wa Dunia mwaka 2004. Jina la mji, Ilulissat, ni hivyo hivyo vilima vya barafu. Usiku vinapasuka kwa kishindo. Wiki ya kwanza nilikuwa naamka nikidhani tumegonga mwamba.

Sasa nikueleze nilichokiona kwa macho yangu. Juzi tulikwenda kaskazini kidogo, mahali panaitwa Eqip Sermia, ambapo barafu nyingine inashukia baharini. Meli haisogei karibu, kwa sababu kipande kikianguka kinainua wimbi la kupindua chombo. Mkuu wa jikoni akaniruhusu nipande boti ya mpira pamoja na abiria, nikakaa nyuma na koti la kuazima. Mbali na ule ukuta wa barafu nikaona kitu ambacho wewe ungekiona kabla yangu: ndege. Mamia ya ndege weupe kama membe wetu, wamejazana mahali pamoja, wanadonoa na kuinuka, wanadonoa na kuinuka. Hapo walipo maji yalikuwa ya kijivu na udongo, yanafura kama sufuria inayokaribia kuchemka, na pembeni yake mstari umejichora, huku kijivu, huku buluu.

Nikajisemea, hapa kuna dagaa. Nilikosea kidogo tu. Meli yetu ina mama mmoja mtaalamu wa bahari anayewahadithia abiria jioni, naye hupita jikoni kutafuta chai ya maziwa. Nikamuuliza. Akasema wale ndege wanakula uduvi na vidudu vidogo vilivyopandishwa juu na maji kutoka chini, na uduvi hao wakikutana na maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, wanalegea, hawakimbii tena. Halafu akachukua kipande cha mkaa, akanichorea kwenye boksi la vitunguu.

Kiangazi jua linayeyusha barafu kwa juu. Yale maji hayatiririki tu kwenda pwani. Yanapata nyufa na mashimo, yanatumbukia hadi kwenye mwamba, yanapita chini ya barafu huku yakibeba mawe yaliyosagwa unga, kisha yanatokea baharini, lakini chini kabisa, kwenye mguu wa barafu, pengine mamia ya mita. Sasa wewe unajua maji baridi yakikutana na ya chumvi yanafanya nini. Yanapanda, kwa kuwa ni mepesi. Na yakipanda hayapandi peke yao, yanayakokota maji ya chumvi ya kilindini, mengi mara nyingi kuliko yenyewe.

Hapo ndipo nilipoelewa, kwa sababu mimi ni mpishi. Bahari ni sufuria ya mchuzi uliotulia. Kila kinachokufa juu kinazama, kinaozea chini, na utamu wote unakaa chini: nitrati, fosfati, mbolea ile ile unayoijua ya shambani. Juu kuna jua lakini mbolea imekwisha, kwa kuwa vijimea vya baharini vimeimaliza tangu mwanzo wa kiangazi. Ukipakua juu unapata maji matupu. Barafu ndiyo mwiko. Inakoroga, ya chini yanakuja juu kwenye jua, vijimea vinastawi upya, uduvi wanakula, samaki wanakula, na mwisho mimi nasimama na kisu.

Mwaka 2025 wataalamu, wakiwemo wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, walilipigia hesabu kwa kompyuta jambo hili kwa barafu hii hii ya Ilulissat. Kiangazi kikipamba moto, maji yanayotokea chini yake ni zaidi ya mita za ujazo 1,200 kwa sekunde. Yaani yale matangi meusi ya lita elfu, 1,200, kila ukipepesa jicho. Na wakakadiria kwamba mkorogo huo unaongeza vijimea vya kiangazi kwa asilimia 15 hadi 40.

Najua utasema: basi si ndivyo nilivyosema? Ngoja, Nahodha. Mbolea ile kubwa, nitrati, haikutoka kwenye barafu. Maji ya barafu yana chuma na silika kutoka kwenye mawe, lakini nitrati yana kidogo sana. Mbolea ilikuwa ya bahari yenyewe. Barafu ilifanya kazi ya kukoroga, na inaweza kukoroga kwa sababu mguu wake umesimama kilindini. Ikiendelea kuyeyuka inarudi nyuma, mguu unapanda kwenye kina kifupi, na siku moja barafu inaishia juu ya nchi kavu kabisa. Maji yatakuwapo bado, lakini yatakuja kama mto, juu juu.

Unakumbuka tulivyokuwa tunapiga mbizi mlangoni mwa mto Pangani wakati wa masika? Juu maji mekundu, baridi, ukionja hayana chumvi. Ukizama urefu wa mtu unakuta ya chumvi, yametulia kama hayajui kuna mvua. Yale ya juu yalikuwa kifuniko, na tope lake ukifumbua macho ndani huoni hata mkono wako. Ndivyo inavyokuwa. Hakuna mkorogo, na jua haliingii. Kuna ghuba kaskazini mashariki mwa Greenland, Young Sound, ambako barafu zote zinaishia nchi kavu, na vijimea vyake ni haba. Ghuba ya karibu na Nuuk, mji mkuu wa huku, ambako barafu bado zimekanyaga bahari, ina neema kiangazi kizima, na gayogayo wake wanajulikana. Kwa hiyo hao wavuvi unaowaonea wivu wanakula neema ya kipindi cha katikati, mwiko ukiwa bado ndani ya sufuria.

Uliuliza pia kama barafu ya Kilimanjaro ndiyo inayotulisha sisi, maana mto wetu unaanzia huko. Hapana, ndugu yangu. Ile imebaki kidogo mno, na sehemu kubwa yake haiwi hata maji, inageuka mvuke moja kwa moja na kuondoka na upepo. Maji ya Pangani ni mvua ya msituni kwenye miteremko. Ukitaka kazi ya mwiko kwetu huku kwenye joto, tazama upepo: kusi likipiga pwani ya Somalia linayasukuma maji ya juu, ya chini yanapanda yakiwa baridi, na samaki wanajaa. Kazi ni ile ile, mkono ndio tofauti.

Nimekuwekea chupa. Niliijaza siku ile pale walipokuwa ndege, nikaiweka dirishani karibu na kitanda. Ilipoingia ilikuwa kama maji ya kuoshea mchele. Asubuhi yake juu pameanza kung'aa, chini umetuama ute wa kijivu, mwembamba, laini kuliko unga wa muhogo. Ukiitikisa inachukua siku nzima kutulia tena. Mwenzangu wa chumbani ameshataka kuimwaga mara mbili akidhani ni sabuni.

Nitakuletea Desemba, inshallah. Msalimie mama, na mwambie ile achari imekwisha.

Wako,
Mpishi